Shimo la Hobbs Lane: namna ya kuitazama tamthilia ya 1958 na kuifaidi

Watu wengi wanaojaribu tamthilia za kisayansi za miaka ya 1950 huziacha kabla dakika kumi hazijaisha. Picha ni ya kijivu, watu wamesimama wanazungumza, roketi haionekani, na ukuta wa nyumba unajulikana wazi kuwa ni ubao uliopakwa rangi. Siwalaumu. Wameketi wakisubiri filamu, na walichowekewa mbele yao si filamu. Mtu aliyekwenda kusikiliza taarab akapewa tenzi ataondoka kabla ya ubeti wa tatu, hata kama mghani ni hodari.

Nitashika mfano mmoja tu, nao ni Quatermass and the Pit ya BBC. Kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote zilizotengenezwa Uingereza kabla televisheni haijapata rangi, na ukishajua kuifaidi hiyo, nyingine za kizazi chake zitakufungukia zenyewe. Iliandikwa na Nigel Kneale, mtu aliyekulia katika kisiwa cha Man, ikaongozwa na Rudolph Cartier, mzaliwa wa Vienna. Ilirushwa kwa sehemu sita, kila Jumatatu usiku, kuanzia tarehe 22 Desemba 1958 hadi 26 Januari 1959. Kila sehemu ina dakika kama 35.

Hadithi yenyewe ni hii. Wafanyakazi wa ujenzi wanachimba msingi wa jengo jipya Hobbs Lane, mtaa wa kubuni katika eneo la Knightsbridge, London. Wanafukua mafuvu ya viumbe waliokuwa kati ya nyani na mtu. Dakta Matthew Roney, mtaalamu wa visukuku, anayakadiria kuwa na umri wa miaka milioni tano. Kisha kinapatikana kitu kikubwa, kigumu, kilicholala katika udongo uleule. Jeshi linaitwa, nalo linasema ni bomu la Wajerumani lililoanguka wakati wa vita likakosa kulipuka. Profesa Bernard Quatermass, mkuu wa kikosi cha utafiti wa roketi cha Uingereza, anauliza swali dogo: bomu la mwaka 1940 limefikaje mahali pamoja na mifupa ya miaka milioni tano? Hapo ndipo kila kitu kinapoanza. Kwamba chombo kile kilitoka sayari ya Mirihi nakwambia mapema, maana hilo si fumbo la tamthilia. Fumbo ni kile ambacho chombo kimekuwa kikiwafanyia binadamu tangu hapo, nalo sitaligusa zaidi ya inavyobidi.

Usianzie mwanzo. Quatermass alitokea kwanza mwaka 1953 katika The Quatermass Experiment, na mtu mwenye kupenda utaratibu atataka kuanzia huko. Atakwama: kati ya sehemu sita za mwaka huo zimebaki mbili tu za kwanza, na hadithi itakatika mikononi mwake. Ya pili, Quatermass II ya 1955, imebaki yote, lakini si mlango mzuri wa kuingilia. Ya tatu, hii ya shimo, imebaki kamili na haihitaji ujue lolote lililotangulia. Vilevile iache kwanza filamu ya rangi ya mwaka 1967 yenye jina hilohilo. Ukiitazama mapema itakumalizia siri zote kwa haraka, na hutapata tena usiku wa kuzigundua polepole.

Sasa jambo lililo kubwa kuliko yote, na ukilishika hili pekee utakuwa umepata nusu ya ufundi wa kuitazama: sehemu kubwa ya unachokiona ilichezwa mubashara. Waigizaji walikuwa Riverside Studios, Hammersmith, kando ya mto Thames, wakisema maneno yao wakati uleule ambao watu walikuwa wakiwatazama majumbani. Hapakuwa na kurudia. Mtu akijikwaa, amejikwaa mbele ya mamilioni. Kamera zilikuwa nzito, zikisukumwa sakafuni bila kelele kutoka chumba kimoja cha kujengwa hadi kingine, huku mwongozaji akiwa ndani ya chumba chake akichagua picha ipi iende hewani. Matukio yaliyohitaji nafasi kubwa au hila ngumu yalipigwa mapema katika studio za Ealing, ambazo BBC ilizinunua mwaka 1955, kisha mkanda huo wa filamu ukachomekwa katikati ya mchezo kwa hesabu ya sekunde.

Kwa hiyo unapotazama sehemu ya kwanza, jizoeze kuona mshono. Picha ya studio ni laini kidogo, mwanga wake umetandazwa. Picha ya filamu ina makali zaidi na vivuli vizito. Tofauti hiyo imebaki kwa sababu mchezo wenyewe ulihifadhiwa kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni wakati ukirushwa. Unapofika kwenye kipande cha filamu, jiulize ni nani hayumo ndani yake. Huyo, wakati huo, yuko studio anakimbia kutoka ofisi ya waziri hadi ukingo wa shimo, anavuliwa koti moja na kuvishwa jingine, anapakwa tope, anashika pumzi. Sekunde chache baadaye atatokea mbele yako akiongea kwa utulivu wa profesa. Nikilijua hilo, uigizaji wa André Morell, anayecheza Quatermass, naustahi mara mbili. Hapazi sauti, hatupi mikono. Anabeba kurasa na kurasa za maelezo ya kisayansi bila kuyafanya yawe hotuba, na anapoogopa, anaogopa kwa kunyamaza.

Mzigo wa kucheza mubashara haukuwa jambo la maneno matupu. Tarehe 30 Novemba 1958, wiki tatu kabla ya Quatermass and the Pit kuanza, kituo shindani cha ITV kilikuwa kikirusha mchezo ulioitwa Underground. Katikati ya mchezo, kati ya tukio moja na jingine, mwigizaji kijana Gareth Jones alipatwa na mshtuko wa moyo akafariki. Wenzake waliendelea mpaka mwisho, wakiyagawana maneno yake kwa kubuni palepale. Waigizaji wa Cartier waliingia studio mwezi uliofuata. Kumbuka jambo hili kila unapotaka kucheka kwa sababu mtu amesita katika sentensi.

Ukishaona mshono katika sehemu ya kwanza, acha kuutafuta. Kuanzia ya pili iache hadithi ikuchukue.

Kuhusu chombo cha kutazamia, maneno machache yatatosha. Picha ya wakati ule ilikuwa karibu na mraba, kwa hiyo hakikisha runinga yako haiivuti kujaza kioo, vinginevyo watu watakuwa wafupi na wapana. Nyingi za runinga za sasa zina mpangilio wa kulainisha mwendo. Uzime, maana huifanya filamu na studio vifanane na kuua kile nilichokueleza hivi punde. Usipandishe mwanga ili uone ndani ya shimo. Shimo limekusudiwa kuwa jeusi. Zima taa, weka simu mbali, na kama una vijisehemu vilivyotiwa rangi na mashine, viache: mpiga taa wa 1958 alipanga mwanga na giza, na rangi inayobandikwa leo hufunika kazi yake. Sijaona tafsiri ya Kiswahili, basi kama diski yako ina maandishi ya Kiingereza chini ya picha, yawashe bila aibu. Waingereza hawa wanaongea kwa kasi, na maneno ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii.

Usizitazame sehemu zote sita usiku mmoja. Najua siku hizi ndivyo tunavyotazama, na tamthilia za leo zimepangwa kwa ajili hiyo. Hii haikupangwa hivyo. Kneale aliandika akijua kwamba kila sehemu itafuatwa na siku saba za watu kubishana kazini, kwenye basi, dukani. Kila sehemu huanza kwa kukumbusha yaliyopita na huishia mahali panapokunyima usingizi. Ukiunganisha sehemu mbili, kikumbusho kinakuchosha na kile kishindo cha mwisho kinakuwa kituo kidogo tu cha kupitia. Sehemu moja kwa usiku ndiyo kasi ya juu kabisa. Moja kwa wiki ndiyo kipimo halisi, na kama unaweza kupata mtu wa kuitazama naye Jumatatu hadi Jumatatu, mkabishana katikati, utakuwa umeipata kama walivyoipata wale watu wapatao milioni 11 waliokuwa mbele ya televisheni sehemu ya mwisho iliporushwa.

Mtazamaji wa Tanzania ana ugumu wake hapa, na pia ana faida. Ugumu ni kwamba enzi ya televisheni ya nyeusi na nyeupe hatukuipitia. Wakenya waliionja tangu 1962, lakini Televisheni Zanzibar ilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilianza na rangi moja kwa moja, na Bara tulisubiri hadi miaka ya 1990. Macho yetu hayana kumbukumbu ya kijivu. Faida ni masikio. Waliokua wakisikiliza michezo ya Redio Tanzania Dar es Salaam walijifunza kuona kwa kusikia: mlango unaolia, hatua kwenye changarawe, mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema uongo. Ustadi huohuo ndio unaotakiwa hapa. Ukiwa na mzee nyumbani aliyekuwa akikusanya watoto wa mtaa kuzunguka redio, mkaribishe aketi nawe. Atasikia vitu utakavyovikosa.

Kwa maana sauti katika tamthilia hii ni mhusika kamili. BBC ilikuwa imefungua karakana yake ya sauti, Radiophonic Workshop, mwaka huohuo wa 1958 katika studio za Maida Vale, na Quatermass and the Pit ni miongoni mwa kazi za mwanzo za televisheni kupewa sauti za karakana hiyo. Hapakuwa na kinanda cha umeme cha kubonyeza. Sauti zilirekodiwa kwenye tepu, zikapunguzwa kasi, zikageuzwa kinyumenyume, zikaunganishwa kwa kukata tepu kwa wembe na kuibandika. Desmond Briscoe na wenzake walitengeneza mlio wa chombo: mtetemo mzito unaopiga kama kitu kikubwa kinachopumua, unaoanza chini kabisa ya usikivu na kupanda hadi kuwa maumivu. Sikiliza unapoanza. Mara nyingi unaanza kabla mtu yeyote katika tukio hajaonyesha kuusikia, na kwa sekunde hizo wewe mtazamaji ndiye unayejua peke yako.

Spika ndogo ya simu haiwezi kubeba mtetemo huo. Tumia spika nzuri, au spika za masikioni ukiwa peke yako. Na nakupa zoezi moja. Katika sehemu ya nne, fundi wa kutoboa chuma anayeitwa Sladden anarudi shimoni kuchukua vifaa vyake wakati wengine wameondoka. Litazame tukio hilo mara moja kama kawaida. Kisha lirudishe nyuma, funga macho, ulisikilize lote mpaka anapofika makaburini nje ya kanisa. Halafu litazame mara ya tatu. Utagundua kwamba kilichokutisha mara ya kwanza hakikuwa vitu vinavyoruka hewani, ambavyo ni hila rahisi za nyuzi na upepo. Kilikuwa ni sauti ikishirikiana na mwili wa mwigizaji Richard Shaw, ambaye anakimbia kama mtu asiyemiliki tena miguu yake.

Huo ndio ufundi wa Kneale na Cartier wote: uso wa mtu ndio unaobeba jini. Katika sehemu ya pili kuna askari polisi wa London, mtu mzima, anayeingia katika nyumba iliyohamwa jirani na shimo na kueleza kwa nini hakuna anayekaa humo. Haonekani mzuka. Zipo alama za kuparuza ukutani tu, na askari anayejaribu kuongea kikazi huku jasho linamtoka. Kamera inamkaribia na kubaki hapo. Angalia muda inaobaki. Mwongozaji wa leo angekata mara tano katika muda huo. Cartier anakulazimisha ukae na woga wa mtu mwingine mpaka uwe wako. Viumbe wenyewe wa Mirihi huonyeshwi mpaka karibu na nusu ya hadithi, na unapowaona tayari umeshawaogopa, kwa hiyo haijalishi kwamba ni vinyago.

Matukio ya mizuka usiyachukue kama mapambo. Hapa msomaji aliyelelewa na hadithi za majini na miti isiyopitwa usiku anaweza kuona haraka kuliko Mwingereza. Kwa Kneale, habari za mashetani ni ushahidi. Quatermass hasemi kwamba watu wa Hobbs Lane ni washamba walioota. Anakusanya maneno yao kama anavyokusanya vipimo. Anasoma magazeti ya zamani, anauliza wazee, anafukua maandishi ya karne zilizopita. Weka kalamu na karatasi karibu, uandike kila mwaka unaotajwa na kilichokuwa kikitokea ardhini mwaka huo. Kabla profesa hajatamka hitimisho lake, karatasi yako itakuwa imeshakwambia, na furaha ya kufika kabla yake ni kubwa.

Karatasi hiyohiyo itumie kwa kazi ya pili, ambayo mimi naiona kuwa moyo wa tamthilia nzima. Chora safu tatu: Breen, Roney, Quatermass. Kanali Breen, anayechezwa na Anthony Bushell, ni mwanajeshi aliyeingizwa katika usimamizi wa kikosi cha roketi, na anaamini kwamba kile kitu ni silaha ya Wajerumani. Kila ushahidi mpya unapojitokeza, andika kila mmoja wa watatu amesema nini. Utaona kwamba Breen hana siku anayokosa jibu. Chuma hakichubuki kwa moto? Wajerumani walikuwa na mafundi. Kuna viumbe vya ajabu ndani? Ni vya bandia, vimewekwa ili kuwatia Waingereza hofu. Kneale hakumfanya mjinga, na hilo ndilo linalotisha. Kila jibu lake, ukilichukua peke yake, lina akili. Ni pale tu unapoyasoma yote kwenye karatasi, moja chini ya jingine, ndipo unapoona mtu aliyeamua kutoona. Waziri anapotakiwa kuchagua kati ya maelezo ya Quatermass na ya Breen, anachagua yale yatakayomruhusu kufungua shimo kwa wananchi na waandishi wa habari bila kubadilisha ratiba yake. Nimewahi kukaa katika vikao vya namna hiyo. Bila shaka nawe umekaa.

Roney mwangalie kwa makini tofauti. Cec Linder, mwigizaji wa Kanada, anamcheza kama mtu mchangamfu, asiye na makuu, anayependa mifupa yake. Katika sehemu tatu za mwanzo utadhani yupo kwa ajili ya kueleza elimu tu. Usimpuuze. Sitasema zaidi.

Kabla ya kuanza, au baada ya sehemu ya kwanza, soma kidogo kuhusu mwaka wenyewe. Mkazi yeyote wa Moscow angeweza kukwambia mwaka 1958 ulikuwa wa nini: Sputnik ilikuwa imerushwa Oktoba 1957, na mataifa makubwa yalianza kuuangalia mwezi kama kilima cha kuwekea mizinga. Ugomvi wa kwanza kati ya Quatermass na Breen ni juu ya hilo hasa. London nayo ilikuwa na miaka 13 tu tangu vita kuu viishe. Viwanja vilivyobomolewa na mabomu vilikuwa bado vinajengwa upya, na mchimbaji kugonga bomu lilikuwa jambo la kawaida. Mtazamaji wa siku zile alipoona kundi la watu wakichungulia shimoni nyuma ya uzio, alikuwa anauona mtaa wake.

Mafuvu nayo yana historia yake, na hapo hadithi inakuja mpaka kwetu. Mwaka 1953 wanasayansi wa Uingereza walikuwa wamefedheheka baada ya kuthibitika kwamba fuvu la Piltdown, waliloliamini kwa miaka 40 kuwa la babu wa binadamu aliyeishi Uingereza, lilikuwa la kughushi. Kwa hiyo Roney anapotoa mafuvu kutoka udongo wa London na kutaja miaka milioni tano, anazungumza mbele ya watu waliokwisha kuungua. Ilikuwa namba ya kushtua. Kisha, tarehe 17 Julai 1959, miezi isiyofika sita baada ya sehemu ya mwisho kurushwa, Mary Leakey aliona mfupa ukichomoza kwenye mteremko wa Bonde la Olduvai, Tanganyika. Lilikuwa fuvu la zamadamu aliyeitwa Zinjanthropus, na mwaka 1961 umri wake ulipimwa ukapatikana kuwa kama miaka milioni 1.75, mara tatu ya ule ambao wengi walikuwa wakiukisia. Kneale alibuni London kitu ambacho ardhi ya Arusha ilikuwa karibu kukitoa kwa kweli. Fuvu hilo linahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kama uko karibu, nenda kaone habari zake kabla ya kutazama sehemu ya kwanza. Roney atakuwa mtu mwingine machoni pako.

Lakini kuna tukio moja la mwaka ule lililo zito kuliko mengine. Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1958, makundi ya vijana wa Kizungu yalizunguka mitaa ya Notting Hill, London, usiku baada ya usiku, yakiwapiga na kuwavunjia nyumba wahamiaji weusi waliotoka visiwa vya Karibi. Miezi minne haikupita, BBC ikaanza kurusha hadithi ambayo ndani yake kuna umati unaowinda watu kwa sababu ni tofauti, bila hata kujua kwa nini. Fikiria pia ni nani waliokuwa wakiisimulia. Cartier alikuwa amefanya kazi katika sinema ya Ujerumani, akaikimbia nchi hiyo Wanazi waliposhika madaraka, na mwishowe akahamia Uingereza. Mke wa Kneale, mwandishi Judith Kerr, alitoroshwa Berlin akiwa mtoto mwaka 1933, kwa kuwa baba yake Alfred Kerr alikuwa Myahudi na mkosoaji wa Hitler. Watu hawa walijua umati unavyokuwa unapoanza kusogea. Ukifika sehemu ya sita, usitazame moto na vumbi. Tazama nyuso za watu wa kawaida, na hasa usikilize kile ambacho Quatermass mwenyewe, yule mtu wa akili na upole, anakiri kwamba alitaka kumfanyia rafiki yake, na sababu anayoitoa. Kwangu hiyo ndiyo dakika kubwa kuliko zote katika tamthilia, na imejengwa kwa watu wawili wakizungumza.

Upungufu upo, na hakuna haja ya kuuficha. Wanawake ni wachache, na wengi wao ni wasaidizi au majirani wenye hofu. Mmoja wao, Barbara Judd, anayechezwa na Christine Finn, alistahili maneno zaidi ya aliyopewa. Sayansi ya tamthilia nayo imezeeka: kumbukumbu za mababu hazirithiwi kwa damu namna hii, na tangu chombo cha Mariner 4 kipige picha za Mirihi mwaka 1965, hakuna anayetarajia kukuta huko mji wa wadudu. Dawa yake ni kulipokea wazo hilo kama sharti la mchezo, jinsi unavyokubali kwamba sungura katika hadithi anasema, kisha uangalie linakopelekwa. Vinyago vya viumbe vinaonekana ni vinyago. Kama unamwonyesha kijana aliyezoea filamu za leo, mwambie hilo mapema kabla hajaligundua mwenyewe, naye atalipita. Asipoambiwa, atalishikilia hadi mwisho.

Ukimaliza sehemu ya sita, pumzika siku mbili tatu, kisha irudie ya kwanza peke yake. Ule mzozo wa mwanzo kuhusu mwezi na silaha, ambao mara ya kwanza ulionekana kuwa utangulizi wa kuchosha, utausikia kwa masikio mapya. Baada ya hapo tafuta maandishi ya mchezo, yaliyochapishwa na Penguin mwaka 1960. Yasome huku ukikumbuka picha, uone ni kiasi gani cha hofu kilikuwa tayari kwenye karatasi na ni kipi kiliongezwa na waigizaji na mafundi.

Hapo sasa umeiva kwa filamu ya 1967, iliyoongozwa na Roy Ward Baker, Andrew Keir akiwa Quatermass. Ni filamu nzuri na ina rangi. Kneale aliiandika mwenyewe, akalihamishia shimo katika kituo cha treni ya chini ya ardhi. Saa tatu na nusu za tamthilia zimekuwa dakika 97. Itazame ukiwa na ile karatasi yako ya safu tatu, uweke alama kwenye kila jibu la Breen lililokatwa, kila jirani aliyeachwa, kila usiku wa kusubiri ulioondolewa. Kisha umalizie na zile sehemu mbili zilizobaki za mwaka 1953. Zina mikwaruzo na giza, zilipigwa Alexandra Palace kwa kamera zilizokuwa zimechakaa, na zinakatika pale hasa unapotaka kujua kitakachofuata. Kwa wakati huo utakuwa na macho ya kuona kilichomo ndani yake.